Kigae kipya kimeanguka bafuni? Geuza mgongo wake kwanza

Kilianguka saa nane usiku. Mke wangu alidhani ni mwizi, mimi nikadhani ni hita imeng'oka ukutani. Tulipowasha taa ya bafuni tukakuta kigae cha sentimita 30 kwa 60 kiko sakafuni vipande vitatu, na pale kilipokuwa panang'aa: kigae cha zamani chenye maua ya bluu, kisafi, utadhani kimeoshwa jioni ile. Kazi ilikuwa haijatimiza hata miezi mitano.

Fundi akasema simenti ya siku hizi mbovu. Muuza vifaa akasema vigae nilivyochagua vizito mno. Jirani akasema jengo linatikiswa na malori. Jibu lilikuwa mgongoni mwa kile kigae, na hakuna hata mmoja wetu aliyekigeuza kukitazama.

Kuweka vigae vipya juu ya vya zamani (viite tailizi au marumaru, ukipenda) si kulipua kazi. Kwenye fleti za Dar, kubomoa maana yake ni kelele za siku tatu, magunia ya kifusi ya kushushwa ngazi kwa ngazi, na kama ukuta ni wa tofali za inchi tano, kigae kinaweza kutoka na lipu, lipu ikatoka na pande la tofali. Ukifuata utaratibu, vigae juu ya vigae vinadumu miaka mingi. Ila njia hii ina shida moja kubwa: kigae kipya hakina ukuta wa kushika. Lipu ina vitundu, hunywa maji ya gundi na kuing'ang'ania. Uso wa kigae cha zamani umeng'arishwa kama kioo, haunywi kitu. Kwa hiyo matatizo karibu yote utakayoyaona juu yameanzia chini, kwenye kigae cha zamani au pale tabaka mbili zinapokutana. Huko ndiko pa kutafuta.

Kimeanguka

Usifagie vipande. Vigeuze, uviweke juu ya gazeti, kisha uangalie na pale ukutani vilipotoka. Gundi imebaki upande gani?

*Imekuja yote na kigae kipya, na ukutani panang'aa.* Hii ndiyo ilikuwa yangu. Gundi haikuwahi kushika kigae cha zamani hata siku moja, ilikuwa imeegemea tu. Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni uji wa simenti tupu, ule ambao mafundi wengi hupaka mgongoni mwa kigae na kukibandika kwenye lipu iliyoloweshwa. Kwenye lipu unafanya kazi. Juu ya kigae cha zamani hauna pa kushika, na simenti ikikauka inasinyaa kidogo na kujibandua yenyewe. Vigae vinakaa ukutani kwa sababu vimebanana na grauti, ile simenti laini ya kujazia viungo kati ya kigae na kigae, mpaka siku kimoja kichoke.

Kisababishi cha pili ni utando wa sabuni. Bafu lililotumika miaka kumi na tano lina ngozi ya sabuni, mafuta ya nazi na chokaa ya maji ambayo macho hayaioni. Mwaga maji kidogo kwenye kigae cha zamani: yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba, kuna mafuta pale. Sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, madoa ya chokaa uyaondoe kwa siki au dawa ya kusafishia choo, kisha suuza mara mbili zaidi ya unavyodhani inatosha.

Habari mbaya ni kwamba tatizo hili haliko kwenye kigae kimoja. Ukuta wote umefanywa na mkono uleule, kwa ndoo ileile. Ng'oa kingine mbali na pale, tuseme upande wa pili wa dirisha. Kikitoka kirahisi na nyuma yake panang'aa, acha kubandika kimoja kimoja, kwa sababu utakuwa unabandika kila mwezi. Vitoe vyote. Faraja ni kwamba vitatoka kwa urahisi na vingi havitavunjika, kwa sababu ileile iliyoviangusha: havikuwa vimeshika. Mimi nilivitumia tena zaidi ya nusu, baada ya kukwangua migongo.

Kabla ya kurudishia, uso wa zamani lazima ukwaruzwe. Grainda yenye diski bapa ya almasi, unapita juu ya kila kigae mpaka mng'ao uishe na kidole kihisi ukakasi. Vumbi lake ni baya kwa mapafu: barakoa ya kweli, si kitambaa cha pua, miwani, na mlangoni tundika kanga iliyolowa maji ili chumba cha kulala kisigeuke kinu cha unga. Zima na umeme wa hita kwenye swichi kuu, maana nyaya za bafuni hazipiti kila mara pale unapodhani. Wapo mafundi wanaopenda kudonoa uso kwa tindo na nyundo badala ya grainda. Sikubaliani nao. Kila pigo la tindo linatikisa kigae cha zamani ambacho unakitegemea kibebe kipya, na unaweza kuanza asubuhi na ukuta mzima, ukamaliza jioni na ukuta unaolia debe, yaani mtupu nyuma ya vigae.

Ipo pia praima, dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike, yenye chembechembe za mchanga mgumu, inayopakwa kwa brashi juu ya kigae kisafi na kukauka ikiwa kama msasa. Ikipatikana, inakuepusha na vumbi. Mahali pa maji mengi mimi hufanya vyote viwili.

Halafu gundi yenyewe. Kwenye mfuko tafuta alama C2. Ni daraja la kiwango cha Ulaya, EN 12004: gundi ya C1 inatakiwa ishike kwa nguvu isiyopungua nyutoni 0.5 kwa kila milimita ya mraba, ya C2 isiyopungua 1. Ukiona na herufi T, haiteremki ukutani. E ni kwamba inachelewa kukauka uso. S1 ni kwamba inakubali kupinda kidogo bila kukatika. Kwa kazi ya kigae juu ya kigae, C2TE ndiyo ya chini kabisa ninayokubali. Gundi ya tayari inayouzwa kwenye ndoo, ile nyeupe kama maziwa ya mgando, iache dukani: hukauka kwa kupoteza maji, na hapa maji yake yatatokea wapi, yamebanwa kati ya kigae kipya cha poselini, kigumu kisichonywa maji, na kigae cha zamani?

*Gundi imebaki ukutani, mgongo wa kigae msafi.* Hapa kigae cha zamani hakina hatia. Gundi ilipakwa, ikaachwa, ikaota ngozi juu kabla kigae hakijawekwa. Mara nyingi utakuta mistari ya mwiko wa meno bado imesimama wima kama matuta ya mihogo. Gundi ya kawaida ina kama dakika 20 tangu ipakwe mpaka iwekwe kigae, ya E kama dakika 30, na hizo ni dakika za maabara. Bafuni penye dirisha la upepo wa bahari mwezi wa Februari, hesabu nusu. Kipimo ni kidole: gusa gundi. Kidole kikitoka kisafi, kwangua, tupa, paka upya. Fundi anayepaka ukuta wa mita mbili halafu akaenda kupokea simu anakutengenezea tatizo hili.

Pia angalia kama mgongo wa kigae una unga mweupe. Vigae vingi hutoka kiwandani na poda ya tanuru nyuma. Sponji yenye maji inaimaliza kwa sekunde tano.

*Gundi imegawanyika, nusu huku nusu kule.* Ikwangue kwa ukucha. Ikimeguka kama biskuti, mchanganyiko ulikuwa mbaya: maji mengi kupita yaliyoandikwa kwenye mfuko, mfuko uliokaa stoo mpaka ukashika unyevu, au kile kitendo cha saidia fundi kuongeza maji kwenye ndoo iliyoanza kuganda ili "ilainike". Ikishaanza kuganda, imekwisha. Maji ya kisima chenye chumvi nayo, ambayo sehemu nyingi za Dar ndiyo yaliyo karibu, usichanganyie gundi. Nunua madumu mawili ya maji baridi, gharama yake ni ndogo kuliko kigae kimoja.

Lakini ikiwa gundi ni mbichi, laini kama ugali wa jana, haikuharibika, haijakauka tu. Kati ya nyuso mbili zisizonywa maji, gundi inachelewa sana kukomaa. Kazi ya kwenye lipu hutiwa grauti kesho yake. Hii ipe siku mbili hadi tatu, na kwa vigae vikubwa hata zaidi. Hapa ndipo haraka ya mwenye nyumba inapoharibu kazi ya fundi mzuri.

*Kuna madonge matano tu nyuma, pembe nne na katikati.* Hakuna haja ya uchunguzi zaidi. Kwa maeneo ya maji, gundi inatakiwa ifunike asilimia 95 ya mgongo. Madonge matano hayafiki hata nusu, na mapengo yanayobaki ni makazi ya maji na mende. Unapoanza kazi mpya, ng'oa kigae cha pili au cha tatu dakika hiyohiyo kikiwa kibichi, ugeuze uone. Fundi mwenye uhakika hatakasirika.

*Kigae cha zamani kimekuja nacho.* Kimeng'oka kizima, kimeshikana na kipya kama mapacha, na ukutani pamebaki lipu. Basi gundi yako ni nzuri, ni nzuri kuliko ile ya mwaka 1990. Kilichoshindwa ni tabaka la chini, ambalo huenda lilikuwa limeachia hata kabla hujanunua vigae. Na wewe ukaliongezea mzigo. Vigae vya poselini vya milimita 10 vina kama kilo 20 hadi 24 kwa mita ya mraba. Ongeza gundi, fika 25 hadi 30. Bafu la mita moja na nusu kwa mbili lililowekwa vigae mpaka kimo cha mlango lina kama mita 13 za mraba za ukuta. Hiyo ni kama kilo 350: umetundika bodaboda tatu kwenye gundi ya mtu aliyekwishastaafu.

Tiba ni kugonga kabla. Chukua sarafu ya shilingi 500, gonga kila kigae cha zamani, kila kimoja, pembe na katikati. Kilichoshika kinalia kifupi na kizito. Kilichoachia kinalia debe. Weka alama ya chaki. Vikiwa vichache, ving'oe na ujaze mashimo kwa mchanganyiko wa simenti na mchanga mpaka pawe sawa na vingine. Vikiwa zaidi ya kimoja kwa kila kumi, mimi naacha wazo zima na kuita mtu wa kubomoa. Wengine watakwambia robo. Watakuwa hawalali humo.

Kinalia debe lakini kimeshika

Kwenye vigae vipya sauti ya debe si lazima iwe msiba. Kigae cha ukutani kinacholia kwenye pembe moja, kisichosogea, grauti yake haina ufa: kiache, kigonge tena baada ya miezi mitatu. Sakafuni sina huruma hiyo. Kigae kisicho na gundi chini, siku mtu atakapoangusha ndoo iliyojaa au kisigino kitakapotua palepale, kitapasuka. Na bafuni ufa wa sakafu ni mlango wa maji.

Kinacholia chote, na grauti pembeni imepasuka kama uzi, hicho tayari kimeachia. Rudi juu, soma mgongo.

Dari ya jirani inavuja

Hili ndilo lililonitoa jasho kuliko kile kigae cha usiku. Kazi ya pili, iliyofanywa vizuri, gundi sahihi, uso umekwaruzwa. Wiki ya sita simu ikalia, bibi mstaafu wa ghorofa ya chini: "Baba Neema, hujambo? Bafu lenu limeanza kunitembelea."

Watu wengi huweka vigae vipya ili kuziba uvujaji. Haizibi. Grauti ya simenti inanywa maji, na kigae hata kiwe kigumu kiasi gani, kina viungo pembeni. Kinachozuia maji ni dawa ya kuzuia maji iliyopakwa chini ya vigae, na kama bafu lako la zamani lilikuwa halina, au lilikuwa nayo ikachoka, umeweka kilemba juu ya kichwa chenye kidonda.

Kabla ya kung'oa chochote, tafuta ni maji gani. Yapo ya aina tatu, na kila moja ina kipimo chake.

Maji ya bomba yanavuja saa zote, hata mkiwa safarini. Funga koki zote, soma mita, kaa saa nzima bila kutumia maji, soma tena. Lakini kama nyumba inakula kutoka tangi la juu, mita haitakwambia ukweli, kwa kuwa tangi lenyewe linaweza kuwa linajijaza. Funga maji yanayoingia kwenye tangi usiku, weka alama ya kimo cha maji kwa mkaa au chaki, angalia alfajiri kabla ya mtu wa kwanza kutawadha. Maji yakishuka, ita fundi bomba, na usisahau koki ya choo na mpira wa shatafu: viwili hivi huvuja kimyakimya na kubebesha sakafu lawama.

Maji ya sakafu yanavuja mtu akioga. Ziba tundu la sakafuni, flotrapu, kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jaza maji kimo cha sentimita mbili tatu kama kizingiti kinaruhusu, chora mstari wa penseli ukutani, acha saa 24. Mwombe jirani akuangalizie dari yake. Maji yakishuka na dari ikalowa, sakafu inapitisha.

Maji ya bomba la taka yanavuja yakishushwa tu. Ikiwa vipimo viwili vya kwanza ni vizuri, mwaga ndoo mbili moja kwa moja kwenye tundu bila kulowesha sakafu, usubiri.

Kwangu sakafu ilikuwa nzima na bomba zilikuwa nzima. Kilichovuja ni koo la tundu. Fikiria: flotrapu ya zamani imekaa sawa na kigae cha zamani. Fundi ameongeza tabaka la sentimita moja na nusu kuizunguka, akaweka kichungi kipya juu, kikapendeza. Lakini kati ya kichungi kipya na flotrapu ya zamani kuna ukingo wa sentimita moja na nusu wa gundi tupu, haujazibwa. Maji yanayoshuka yanagusa ukingo ule, baadhi yanaingia pembeni, katikati ya tabaka mbili, na kusambaa kama mchuzi kati ya chapati mbili. Juu pakavu, chini pakavu, ndani kumelowa. Yanatembea mpaka yapate ufa wa grauti ya zamani, halafu yanaenda kumsalimia bibi.

Tuling'oa vigae vinne tu kuizunguka tundu. Tukaweka pete ya kuinulia flotrapu hadi kimo kipya, tukaziba ukingo wake, tukapaka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, tukaacha siku tatu tabaka zipumue kabla ya kufunga. Kama ningeanza upya, ningepaka dawa ile sakafu nzima juu ya vigae vya zamani vilivyokwaruzwa, nikaipandisha ukutani sentimita 15 kila upande, na pale penye shawa mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu, pembe zote zikiwa na utepe wa wavu. Hakikisha dawa hiyo na gundi vinaelewana. Maelezo ya mfuko yanasema, yasome.

Maji yanatuama

Baada ya kuoga panabaki dimbwi pembeni ya choo, na kila mtu anatoka na soksi zilizolowa. Mara nyingi mteremko wa zamani ulikuwa mbaya tangu mwanzo na vigae vipya vimeunakili kwa uaminifu. Sakafu ya bafu inataka kushuka sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu. Pima kabla: weka rula ndefu na pima maji juu ya vigae vya zamani, au mwaga tu ndoo moja uone yanakokimbilia. Kasoro inasahihishwa kwa mchanganyiko wa kusawazisha uliopakwa juu ya praima, kabla ya kigae. Kusahihisha kwa kunenepesha gundi upande mmoja ni kujitafutia: gundi nene inasinyaa, inazama, na kigae kinakaa kombo.

Sababu nyingine ni ukubwa. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 kwenye sakafu ndogo yenye tundu katikati havipindi kuelekea pande nne. Ama uvikate mkato wa bahasha, kona mpaka tundu, ama utumie vidogo, 30 kwa 30 kushuka chini. Na viwe vya kukwaruza. Vile vya kung'aa kama meza ya mapokezi ya hoteli, ukivikanyaga na povu la sabuni, utajikuta umekaa.

Vimeinuka katikati kama hema

Vigae viwili vimeinuana, ukikanyaga vinalia kwaa. Vimekosa nafasi ya kupumua: vilibanwa ukuta kwa ukuta, grauti ngumu ikajazwa hadi kwenye kona, halafu unyevu na joto vikavitanua. Gundi dhaifu ikaachia. Kwa bafu la mita moja na nusu jambo hili ni nadra. Nikiliona kwenye chumba kidogo hivyo, kwanza naituhumu gundi. Kwenye bafu kubwa la chumba cha wageni, lenye jua la saa tisa sakafuni, ni kweli kabisa. Acha milimita tano kuzunguka kuta zote, ujaze silikoni, si grauti. Silikoni iwe ya bafuni, yenye dawa ya ukungu, la sivyo ndani ya mvua moja ya masika itakuwa nyeusi.

Grauti

Inapukutika kama unga: ilichanganywa na maji mengi, au fundi aliisafisha kwa sponji inayochuruzika. Kwangua, jaza upya. Ina ufa mwembamba unaofuata pembe ya ukuta na sakafu: pale palitakiwa silikoni. Ina ufa unaokatiza vigae vitatu vinne kwa mstari mmoja: hiyo si grauti tena, ni jengo, na huenda ufa huohuo umo kwenye vigae vya chini. Inatoa unga mweupe wenye chumvi: kuna maji yanapita nyuma na kubeba chumvi za simenti na mchanga. Kufuta kwa siki kunasaidia wiki moja. Tafuta maji.

Vitu vinavyosahaulika

Sentimita moja na nusu inaonekana ndogo mpaka mlango ugome kufunguka. Ukate chini kabla ya kigae cha mwisho, maana baada yake utautoa kwa tabu. Choo cha kukaa kikiinuliwa, mdomo wake hauingii tena kwenye bomba la taka kama zamani, na harufu itakujulisha ndani ya siku mbili. Dawa ni kiungio kirefu zaidi, si silikoni kuzunguka mguu wa choo. Koki za shawa zilizo ndani ya ukuta zitazama, nunua viungio vya kurefusha kabla fundi hajafika karibu nazo. Swichi na soketi zinahitaji skrubu ndefu. Na pale vigae vipya vinapoishia katikati ya ukuta, ukingo ule mkali wa sentimita moja na nusu utakata bega la mtoto. Ufunge kwa kona ya aluminiamu.

Kubadilisha kimoja bila kuharibu vingine

Kama umethibitisha ni kimoja tu, kwangua kwanza grauti yote inayokizunguka, pande nne, mpaka chini kabisa. Hatua hii ndiyo inayookoa majirani zake. Toboa katikati kwa kekee, kisha vunja kwa tindo kutoka katikati kwenda nje, ukishikilia tindo kwa mshazari, si wima, ili usitikise kigae cha zamani kilicho chini. Ukifika chini, gonga kile cha zamani kwa sarafu. Kikilia debe, nacho kitoke.

Kwangua gundi iliyobaki, kwaruza, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Paka gundi ya C2 ukutani kwa mwiko wa meno na utandaze nyingine nyembamba mgongoni mwa kigae, ubonyeze huku ukikisogeza huku na huku kidogo mpaka matuta yalale. Weka misalaba ya plastiki, ukiegemeze na utepe wa gundi ili kisishuke usiku. Grauti siku ya tatu.

Na siku zote hizo tatu usioge humo. Chukua ndoo ukaombe kuoga kwa jirani wa chini, kama bado mnasalimiana.